Nani Alikata Miguu ya Rejeta ya Hooyo?

Rejeta, kile chuma cha kupasha chumba joto, ilipoangukia mguu wangu, sikusikia mfupa. Nilisikia maji. Maji ya moto yalifoka kutoka ukutani yakanirukia mgongoni, na mimi nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha mama yangu, mguu wa kushoto umebanwa chini ya chuma. Mama alikuwa kitandani anapiga kelele, "Allah! Allah! Mtoto wangu!" Majirani waliingia mbio wakakiinua, na mmoja wao akaniangalia mguu halafu akageuza uso. Hapo ndipo nilipojua.

Mimi nauza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Sasa nauza nimekaa juu ya jerikeni, kwa sababu mguu haunibebi. Na mjini inatembea hadithi kwamba nilikaa juu ya rejeta kama kiti, mwanamke ambaye hakusoma, ndiyo ikaanguka. Nilisoma mpaka darasa la tatu, hiyo ni kweli. Lakini sikukaa juu ya kitu. Naandika kwa Kiswahili ili fundi aliyeitundika naye asome, maana yeye ni mtu wa bara na Kisomali hakijui.

Nirudi nyuma kidogo.

Mama yetu, Hooyo kama tunavyomwita kwa Kisomali, alikaa miaka mingi na kaka yangu huko ng'ambo kwenye theluji. Aliporudi, magoti yalikuwa yamekwisha. Watu walimcheka: yuko Garissa, mji ambao godoro linatolewa nje kwa joto, na yeye analia baridi! Mimi sikucheka. Mwezi wa saba, alfajiri, upepo ukivuma kutoka upande wa mto, mzee anatetemeka kweli. Kule ng'ambo alizoea kuegemeza mgongo kwenye chuma cha ukutani ambacho maji moto yanapita ndani, anavuta tasbihi yake mpaka adhuhuri. "Nirudishieni chuma changu," alikuwa akisema, kama mtu anayedai ng'ombe wake.

Kaka alikuwa anajenga nyumba mtaa wa Waberi, hapa hapa mjini. Akasema ataweka mfumo wote, kama kule: maji yachemshwe na sola juu ya paa, yashuke kwa mabomba, yazunguke nyumbani. Ataanza na chumba cha Hooyo. Yeye ndiye anayetuma pesa, kwa hiyo yeye ndiye anayechagua. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba zetu siku hizi: aliye mbali anaona kwa simu, aliye karibu anabeba.

Akanitumia picha. Rejeta za nguzo, alisema. Mabomba yamesimama wima yamepangwa pamoja kama mbavu za mbuzi kwa muuza nyama.

"Abaayo, dada yangu, unaona hii nyembamba? Inashika moto upesi, inapoa upesi. Hooyo tumchukulie ya chuma kizito, unene wa nguzo nne toka mbele mpaka ukutani. Hata maji yakisimama, joto linabaki."

"Na uzito wake nani ataubeba?"

"Sakafu. Ndiyo maana ina miguu. Inasimama yenyewe, ukuta unaizuia tu isije mbele."

"Urefu?"

"Fupi. Ifike mgongoni kwa Hooyo akikaa chini kwenye mkeka. Usikubali ndefu, na usikubali isiyo na miguu. Unanisikia?"

Nilimsikia. Yeye ndiye hajisikii, kwa sababu leo anaapa hakusema hivyo.

Kazi ya kuitafuta alimpa kaka wa mke wake, ambaye ana hadwea kubwa, duka la vifaa vya ujenzi, hapa mjini. Huyo alisema kitu kama hicho hakipatikani Garissa, yeye ana watu wake Nairobi. Nani hao, hakusema. Ikaja kwa mkokoteni wa punda, imefungwa kwa blanketi na kamba kama maiti.

Sasa, kwetu seddi, yaani shemeji, ni mtu wa kuheshimiwa sana. Kitu kikitoka kwa seddi hukifungui mbele yake ukakikagua kama mbuzi wa mnadani. Ni kumtukana yeye na ukoo wake. Unasema mashallah, unaleta chai. Mimi chai nilileta. Halafu nikafungua kamba.

Kidole changu kilitoka cheupe. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Nikainama nikaangalia chini, pale kwenye pembe, mahali ambapo miguu ingekuwa. Rangi ilikuwa nene, na chini ya rangi palikuwa na mkato, bapa, wa msumeno.

"Seddi, miguu yake iko wapi?"

"Abaayo, hii ni ya kisasa. Za kisasa hazina miguu."

"Ya kisasa, na kutu imeshaingia ndani?"

Akawageukia wanaume waliokuwa wanashusha mzigo. "Waryaa, njooni muone! Muuza maziwa amehitimu chuo cha vyuma!"

Wakacheka.

"Maziwa nayo yakitiwa maji hayasemi," nikamwambia. "Lakini mnunuzi anajua."

Hakuinywa ile chai. Alipoondoka nilipiga picha ya ule mkato nikamtumia kaka. Tiki mbili za buluu. Kisha akapiga simu, na neno lake la kwanza halikuwa juu ya miguu.

"Umefungua mbele yake?"

"Nimefungua. Imekatwa, walaal. Ni kuukuu, imetolewa mahali."

"Unataka mke wangu arudi kwao? Unataka waseme sisi ni watu wa kupekua mahari na mizigo? Funga mdomo. Iwekwe."

Fundi alikuja kesho yake. Aligonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza.

"Mama, hii ni tofali ya matundu. Ndani ni hewa. Na hii kitu ni nzito hata kabla ya maji."

"Basi usiitundike."

"Ningekuwa na miguu yake, ingesimama poa."

Simu yake ikalia. Akatoka, akaenda kuongea nyuma ya tangi la maji. Nilimsikia akisema "sawa bosi, sawa bosi". Aliporudi alikuwa mtu mwingine, haniangalii machoni.

"Itashika, mama. Niko na skrubu refu."

"Nani amekupigia?"

"Mimi ni mtu wa kazi tu, mama."

Ikatundikwa. Na nitasema ukweli hata kama unanichoma: Hooyo alifurahi. Alikaa chini kwenye mkeka, akaegemeza mgongo, akafumba macho akasema, "Alhamdulillah. Sasa nimefika nyumbani." Alikaa pale kila asubuhi. Mimi nilikuwa naangalia ukuta juu ya kichwa chake. Ulitokea ufa mwembamba kama unywele. Nikamwita fundi, akaupaka plasta akaenda zake. Ufa ukarudi, ukiwa umeongeza tawi.

Asubuhi ile niliona maji yanadondoka chini ya rejeta. Nikamwinua Hooyo, akaninung'unikia, nikamlaza kitandani. Nikapiga magoti na kitambaa kupangusa. Hayo tu. Skrubu zikang'oka, nikageuka kukimbia, chuma kikanidaka mguu. Kama ningemsikiliza akaendelea kukaa, leo tungekuwa tunamsomea Yasin.

Niliporudi kutoka hospitali, nikiwa na magongo, chuma hakipo. Seddi alituma mkokoteni kukichukua, "ili Hooyo asikione akashtuka." Ukuta umepigwa plasta na rangi, laini kama haujawahi kutobolewa. Mtu asiye na hatia ana haraka gani?

Wazee wakakutana sebuleni kwa kaka, sisi wanawake nyuma ya pazia, kaka kwenye spika ya simu. Walikula, wakasema ni qadar ya Mungu, wakasema mashemeji hawapelekani kortini. Fundi hata hakuitwa. Wakainua mikono kusoma Fatiha. Nikasema kutoka nyuma ya pazia:

"Kabla ya Fatiha, miguu ilikatwa na nani?"

Kikombe kiligonga sahani. Mzee mmoja akasema, "Naa, wewe mwanamke, jambo limekwisha." Kaka kwenye simu akakohoa, akakata.

Kwangu halijakwisha. Qadar ya Mungu naikubali, lakini Mungu hakushika msumeno. Naitaka ile rejeta irudishwe iwekwe uani, mchana, bila blanketi, kila mtu aiinamie aone chini yake. Seddi aseme aliitoa wapi na nani aliikata. Fundi aseme nyuma ya tangi aliambiwa nini. Na wewe, kaka yangu, usipige simu. Panda ndege uje ukae mbele ya Hooyo, umwambie kwa mdomo wako hiyo hadithi mnayoieneza, kwamba nilikaa juu ya rejeta kama kiti. Yeye alikuwa kitandani anaangalia. Mwambie. Nitakuwa nimekaa hapo hapo, nasikiliza.