Kidole cha Mjukuu Wangu

Mwaka ule sukari ilipopotea madukani, hapa kwetu Maji ya Chai tuliponda ndizi mbivu ndani ya uji, na chai tukainywa chungu, nyuso zimekunjamana kama za watoto wanaonyweshwa dawa ya minyoo. Ndio mwaka nyumba ya mchana ilipofungwa.

Jina hilo tuliipa wenyewe. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, ambako watoto wetu wenye ulemavu wa akili, wakubwa kwa wadogo, walishinda hadi saa tisa. Kina mama wawili waliwalea, wakawafundisha kunawa, kufunga vifungo, kumenya ndizi. Halmashauri iliwalipa posho. Mjukuu wangu ni mwanamke mzima kwa umri, ila maneno yake ni ya mtoto mdogo. Mama yake aliolewa tena Babati, yeye akabaki kwangu. Pale alijifunza kujifunga kanga bila kusaidiwa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mwalimu nikimwona namjua, na wale walikuwa walimu.

Kisha posho ikakatika. Kina mama wakavumilia, wakachoka, wakaenda kufanya vibarua mashambani.

Tangu hapo nimefungwa. Mjukuu wangu anapenda mabasi. Akisikia honi anakimbilia barabarani kuyapungia mkono, na barabara yetu ni ile kubwa ya Moshi; dereva hapunguzi mwendo eti kuna mtu anacheka. Kwa hiyo geti lina kufuli, ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu. Nilikuwa muuza ndizi mimi, tena si wa kubembeleza. Abiria waliniita wenyewe madirishani. Sasa ndizi zinaivia ndani, zinaoza, zinaliwa na ng'ombe wa jirani. Chooni naenda naye.

Nilimfuata afisa maendeleo wa kata, mjukuu nimemshika mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Posho ya wale mama imekwenda wapi?"

"Posho haina kifungu bibi, fedha yake haikutengwa. Kilichopo ni mkopo wa halmashauri, tena hauna riba. Watu wenye ulemavu wanaunda kikundi, wanafuga kuku, faida inawalipa walezi."

"Nani anafuga?"

"Wao."

"Huyu? Huyu akiona jogoo anapanda juu ya meza!"

Akacheka, kijana wa watu, akatuagizia soda. "Wazazi mtasimamia. Majina tu ndiyo yawe yao."

Wazazi wenzangu wakakubali. Lakini wengi watoto wao bado wadogo, na kikundi kilitaka watu wazima wenye kitambulisho cha taifa. Alipungua mmoja. Mjukuu wangu anacho. Nilimpangia foleni mwenyewe, nikamvalisha gauni la Krismasi, na kwenye picha amecheka meno yote nje. Siku nilipokichukua nilizunguka nacho mtaa mzima: mtazameni, naye ni Mtanzania! Majivuno yale ndiyo yaliyoninasa.

Akaja jirani yangu, mmoja wa wazazi wenzangu, kijana wake ana hali kama ya mjukuu wangu. Alikuwa na karatasi za mkopo na pedi ya wino.

"Bibi, ni kidole tu."

"Kuku wakifa kwa kideri, nani anadaiwa?"

"Tutalipa wote."

"Nani ameandikwa?"

Akafungua pedi ya wino. Hakuna mtu hapa asiyekumbuka kideri kilivyofagia mabanda yetu, tukabaki tunazika kuku kwa koleo.

"Nikifa mimi, watakuja kumdai nani?"

"Bibi, mimi mwanangu namfunga kamba mguuni nikienda shamba. Kamba, bibi! Wewe una geti, ndiyo maana unaringa."

Yalinichoma. Alama ya ile kamba nimeiona kwa macho yangu. Na nilijua nikikataa, kufuli ninalifunga mwenyewe, kwangu na kwake. Hatukuomba kuku sisi. Tuliomba kina mama wawili walipwe.

"Mjukuu wangu hakopi," nikamwambia. "Nitarudi kwa wale wakubwa wa kata, nikae mlangoni mpaka waniambie posho iko wapi."

"Si umeshakwenda? Walikupa nini?"

"Soda."

Hakucheka. Mjukuu wangu alikuwa ameuona wino. Akanyoosha kidole mwenyewe, amefurahi, maana yeye kila anayemnyooshea mkono ni rafiki. Jirani akakishika. Nikainuka, magoti yakalia, nikauchukua ule mkono, nikavikunja vidole vyote ndani ya kiganja changu, nikabana. Akaanza kulia. Hajui nimemnyima nini.

"Bibi, nakuomba. Nimechoka."

"Nimechoka na mimi."

"Basi mwachie aweke. Mtu mmoja tu anatukwamisha, na ni wewe!"

"Mjukuu wangu hakopi."