Neno la Zamu la Maimunah

Maimunah binti Abudu haamini mtu. Haamini dereva anayemsalimia kwa heshima nyingi, haamini mgeni aliyevaa tai kwenye jua kali, na sokoni embe huligeuza pande zote kama analihoji. Alistaafu polisi akiwa koplo. Sasa analinda lango la jumba moja la maofisi pale Nakasero, katikati ya Kampala, na kazi yake ni kupitisha kioo cha mpini mrefu chini ya kila gari linaloingia, hata gari la bosi. Bosi akinuna, yeye huinama zaidi.

Simu yake huikagua vivyo hivyo. Akiambiwa ameshinda pikipiki kwenye bahati nasibu asiyoicheza, anafuta. Anayejifanya mtu wa benki na kutaka namba yake ya siri huhojiwa mpaka akate simu mwenyewe. Na linki ndiyo hataki kabisa kuisikia. "Linki ni mlango," huwaambia wenzake, "na huoni nani amesimama nyuma yake."

Wenzake hao ni wanawake waliokulia naye kambini, mabinti wa maaskari polisi, Wanubi na Waacholi, na wengine walioolewa humo humo. Kambi ilishavunjwa na wao wametawanyika, wengi wako mtaa wa Kyebando, lakini kundi lao la WhatsApp linawakutanisha kila siku: harusi, misiba, umbea, dua za Kiislamu na sala za Kikristo bila kusukumana. Humo Maimunah anaitwa Afande. Linki ikiingia, hakuna anayeibonyeza mpaka Afande aseme ipite.

Alipochoka kuulizwa kila mara, aliwaletea desturi ya kambini. Zamani, kwenye gwaride la jioni, maaskari wote walipewa neno la zamu, na asiyelijua hakupita langoni hata angekuwa na nyota begani. Baba yake, marehemu sajini Abudu, aliwahi kumsimamisha mkuu wake kwenye mvua kwa sababu hiyo, na familia nzima bado inajisifia. Basi Maimunah akaandika kundini kwa herufi kubwa: NENO LA ZAMU NI BILINGANYA. ANAYELETA LINKI ASEME NENO KWANZA. Wanawake wakacheka, wakampigia saluti. Neno lenyewe likabaki pale pale kundini, limening'inia kama nguo kwenye kamba, na Afande wetu, mwenye macho ya kuona msumari chini ya lori, hakuliona.

Alhamisi moja asubuhi, magari yakiwa yamepanga foleni langoni, ujumbe ukaingia kutoka kwa Kaltumi, shoga yake wa tangu utotoni. "Dada zangu, picha za kambi ya zamani zimepatikana. Gwaride, watoto, baba zetu wote. Bonyezeni hapa."

Maimunah akakunja uso. Kaltumi huyu, akitaka kuomba chumvi tu, huanza na salamu ndefu, anauliza hali ya mtu mmoja mmoja mpaka kuku. Leo salamu hakuna. Halafu hizo picha zimetoka wapi, na wiki iliyopita tu kundi zima lilikuwa linalalamika kwamba hakuna aliyebaki nazo?

Kabla hajaandika kitu, sauti ya Abalo ikaingia. Abalo haandiki kamwe, yeye hutuma sauti. "Afande, mimi nataka kuona. Mume wangu marehemu, Mzee Otema, sina picha yake hata moja. Zote ziliungua na nyumba. Hata sura yake sasa naanza kusahau. Nifungue?"

Hapo moyo wa Maimunah ukalainika, na yeye huchukia ukilainika akiwa kazini. Akaandika haraka: "Wewe Kaltumi. Sema neno."

Jibu likaja papo hapo. "Bilinganya, Afande wangu."

Shaka haikumtoka. Lakini utaratibu ulikuwa wake mwenyewe, neno lilikuwa sahihi, na dereva wa mbele alikuwa anapiga honi bila adabu. "Ipite," akaandika, akarudi kwenye kioo chake.

Mchana Kaltumi mwenyewe akatokea langoni, kitenge kimemwanguka mabegani, jasho linamtiririka. Maimunah, kwa mazoea, akainua mkono. "Neno?"

"Neno gani? Banange! Mimi natoka Kyebando na miguu, wewe naniuliza neno? WhatsApp yangu imeenda, Maimunah! Tangu jana mtu amekaa ndani yake!"

"Neno la zamu, Kaltumi."

"Nalisahau! Si uliliandika kwenye kundi? Mtu akilitaka si anaangalia tu?"

Maimunah akaegemeza kioo ukutani. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mwizi alijua neno, na Kaltumi wa kweli, aliyemfahamu tangu wakiwa hawana meno ya mbele, hakulijua. Akampigia Abalo.

"Mama Oola, ile linki. Uliifungua?"

"Nafungua. Inaomba namba yangu ya simu, nikaweka. Halafu namba zingine zikakuja kwa meseji, hizo pia nikaweka. Picha bado. Nangoja tu."

Simu ikatetemeka sikioni. Maimunah akaitazama. Ujumbe mpya, kwa jina la Abalo na picha ya Abalo: "Bilinganya. Afande, niko hospitali, hali ni mbaya, nitumie pesa haraka." Akairudisha sikioni, na sauti ya Abalo ilikuwa bado inaongea taratibu, "Au ni network ya hapa kwangu?"

"Mpigie mwanao Oola," Maimunah akasema. "Sasa hivi, kwa sauti yako. Huyo aliyeleta linki ni mwizi." Kisha akawapigia wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, magari yakimsubiri, bosi akimsubiri.

Oola, mtoto wa pekee wa Abalo, ni askari yuko Somalia. Naye alishaandikiwa kwamba mama yake yuko hospitali. Hakutuma kitu. "Mama yangu hajawahi kuniandikia hata neno moja," alisema. "Huyo alikuwa anaandika vizuri sana."

Jioni Maimunah akateremka Kyebando akiwa bado na sare. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kuomba msamaha, na kila alilolipanga lilimchukiza. Abalo alimkaribisha, akammiminia chai, hakumlaumu. Akamsifu Oola, akasema Mungu ni mkubwa.

"Sasa Afande, niambie kweli. Zile picha. Hata moja haikuweko?"

"Haikuweko, Mama Oola."

Abalo akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani, juu ya kiti cha marehemu mumewe. Palikuwa na msumari mpya umepigiliwa, chokaa bado imemwagika chini yake. Maimunah aliuona tangu alipoingia, akadhani ni wa kalenda.