Bi Mwaija, Printa Mpya na Mtihani wa Ujirani Mwema

Tangu enzi za stensili, walimu wa Handeni walikuwa na pahala pamoja tu pa kupeleka mtihani wa ujirani mwema: chumba cha Bi Mwaija, nyuma ya soko. Shule kumi na mbili, mpaka za Kwedizinga, hutunga mtihani huo pamoja na kuufanya siku moja. Kwa miaka thelathini na moja hakuna swali lililovuka mlango ule kabla ya siku yake. Bi Mwaija mwenyewe aliishia darasa la saba. Taipu alifundishwa na karani wa shamba la mkonge. Kompyuta alijifundisha mwenyewe.

Mwaka huu, Jumatatu ya wiki ya mtihani, printa yake kongwe ikakata roho. Mwanawe Yusra akamtumia mpya kwa basi kutoka Tanga, nyeupe kama tui. Ikachomekwa. Kompyuta ikaitazama kama mgeni asiyepiga hodi.

Akaitwa fundi Sharifu, mwenye duka la mkabala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinicheke, niambie."

"Mfumo wa kompyuta yako ni wa zamani, hauijui printa ya juzi. Inabidi tupige windo mpya. Na windo mpya mashine hii haiwezi kuibeba, kumbukumbu yake ndogo, na vipande vyake siku hizi havipatikani. Hii ifanye kigoda, shangazi, ukalie ukisonga ugali wa bada."

"Una maneno wewe."

"Basi nipe flashi nikutolee kwangu. Nusu saa tu."

Bi Mwaija akamtazama. Binti wa Sharifu yuko darasa la saba, darasa lenyewe la mtihani.

"Hapana."

"Haya. Kompyuta hii ikikubali, karatasi zote nitazibeba mimi kichwani mpaka kwa Mwalimu Mdoe, mchana kweupe."

"Nimekusikia."

Mwalimu Mdoe, msimamizi wa mtihani, alisema kwenye simu kwa upole: karatasi zisipofika Alhamisi saa nne, atapeleka kazi Korogwe mjini. Bi Mwaija alijua kazi ikishahama hairudi.

Akakaa, akarudi nyuma kwa mawazo. Shamba la mkonge lilipofunga ofisi, kompyuta mbili pacha ziliuzwa siku moja. Moja aliichukua yeye, ya pili shoga yake Tatu wa Mombo. Ya Tatu iliungua mwaka uleule, umeme uliokatika uliporudi kwa kishindo. Lakini Bi Mwaija alikuwepo fundi alipoifungua, na maneno ya fundi yule hakuyasahau: kilichoungua ni boksi la umeme tu, kumbukumbu nzima.

Jumanne asubuhi akawa Mombo. Tatu alikuwa akiwauzia abiria vitumbua, na kompyuta iko chini ya meza, imebeba beseni la viazi.

"Miaka yote hiyo huji kunisalimia, leo umefuata maiti."

"Nataka ubongo wake tu."

"Chukua. Mzima huo, haujafikiri hata siku moja."

Jumatano Sharifu akaitwa tena. Lakini kabla hajagusa kitu, Bi Mwaija alihamisha kila kitu kwenye flashi kwa mkono wake. Zamani fundi mmoja alimpigia windo bila kuuliza, na kazi za miaka sita zikafutika. Flashi akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Sasa piga."

Vipande vya Mombo vikaingia mahali pake kama meno. Saa zikapita. Bi Mwaija hakubanduka kwenye kiti ila kwa swala. Saa kumi alasiri printa ikakohoa, ikatoa ukurasa wa majaribio, safi. Sharifu akaugeuza huku na huku, akitafuta kosa.

"Asante, mwanangu. Sasa toka nje." Akafunga mlango kwa komeo.

Alhamisi saa tatu maboksi manne yalikuwa kizingitini, yamefungwa kwa gundi na sahihi yake juu ya kila mshono. Sharifu akayatazama.

"Shangazi, pikipiki si ipo?"

"Ipo. Wewe si ulisema kichwa?"

Akamtwisha mawili, na mengine mawili akayafungia ndani yangoje safari ya pili. Njia ya mkato ipo, lakini Bi Mwaija alichagua ya sokoni, akamfuata nyuma pole pole na mwavuli wake, akiitikia shikamoo moja moja.

"Shika kwa mikono miwili," akamwambia. "Umebeba shule kumi na mbili."

Mwalimu Mdoe alikuwa mlangoni. "Sharifu, umeajiriwa lini?"

"Muulize shangazi," akasema Sharifu, shingo imekakamaa.