Kijiko cha Fedha Kisicho na Tumbo

Nicheke tu, ingawa bado naona haya.

Mjomba wangu ni sonara hapa Muyinga. Alikuwa anatengeneza kijiko cha fedha nimpelekee binti yake Zaina, aliyeolewa Gitega, ili asidharaulike kwa wakwe. Nilimtazama akiyeyusha fedha, akiimimina iwe kipande kirefu, kisha akiigonga kwa nyundo. Ikikakamaa, anairudisha motoni ilainike. Mpini ukatokea, ncha ikapanuka kama jani. Akaenda kuswali, akasema nimsubiri. Lakini basi lilikuwa linapiga honi, na mimi naogopa kusubiriwa na watu. Nikakifunga kijiko kwenye leso, nikaondoka.

Gitega, mbele ya wakwe, Zaina akachota mchuzi. Wote ukamwagika mezani.

"We mtoto, kijiko iko bapa kama bati!" mama mkwe akashangaa, akinigeukia. "Mchuzi itakaa wapi?"

Zaina, Mungu ambariki, akanishika mkono. "Mama, hiki ni cha kupakulia wali. Niliagiza mwenyewe."

Hapo simu yake ikalia: baba yake. Akaiweka spika.

"Zaina! Huyo mwizi wangu amefika? Kijiko bado sijakigonga tumbo!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Zaina hakuniachia mkono.