Patel wa Kijiji Gani?

Siku ya kwanza niliyompeleka Bibi Champa kwa daktari wake hapo Kenton, London, mpokezi alitoa kichwa dirishani akaita, "Mrs Patel." Wakainuka wanawake watano. Mmoja alikuwa na mkongojo, mwingine amebeba mtoto, na Bibi yangu, na miaka yake themanini na miwili, aliwatangulia wote. Nilicheka mpaka nikaona haya. Yeye hakucheka. Alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mwanza, "Kuitwa Patel si kitu, Vaileth. Uliza Patel wa kijiji gani."

Mimi ni mtu wa Njombe, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kila asubuhi natoka Lewisham, napanda treni mbili na basi moja, mpaka Kenton. Bibi Champa alizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la baba yake, akaja Uingereza na mumewe, akashona nguo kiwandani miaka ishirini, akamzika mume, kisha akamlea mjukuu wake Geeta, binti wa mwanawe wa kiume, baada ya wazazi wa mtoto kufariki. Geeta sasa ni mfamasia, na wanaishi wawili. Bibi ana ulimi mkali. Mimi pia ninao, ndiyo maana tunapatana.

Siku ile tukirudi kutoka kwa daktari alinipa somo la jina lake barabarani. Hapa duka la dawa la Patel, pale daktari wa meno Patel, mbele wakili Patel, na muuza magazeti ni nani kama si Patel. Ukirusha jiwe Kenton, alisema, litampiga Patel, na Patel ndiye atakayekufunga bendeji. Zamani kule Gujarati patel alikuwa mkuu wa kijiji, mtu aliyejua kila kipande cha shamba ni cha nani. Cheo kikageuka jina la ukoo, wenye jina wakazaana, wakavuka bahari, na leo wako wengi mno hata jina peke yake halikwambii nani ni ndugu yako. Kinachokwambia ni kijiji cha baba. Waliotoka kijiji kimoja wanahesabiwa watoto wa babu mmoja, na ndugu hawaoani. Hilo nililielewa upesi, maana hata kwetu huwezi kumchumbia mtu wa ukoo wako.

Basi mwezi uliopita Geeta akamleta Hiten. Kijana mpole, mpima macho, naye ni Patel. Jumapili wazee wake wakaja kuposa, wakiongozwa na babu yake mzaa baba, Mzee Kishor, mzaliwa wa Kisumu, na mtungi wa shaba umejaa vitamu vya maziwa. Nilikuwa nimeomba zamu ya Jumapili makusudi ili nisipitwe. Nilipika chai ya tangawizi, nikavaa gauni langu la kanisani, na vigelegele vilikuwa vimeshanifika kooni. Hapo Bibi akauliza swali lake. Mzee Kishor akajibu kwa fahari kwamba wao ni wa Dharmaj.

Bibi akaweka kikombe chini. Marehemu mumewe alikuwa wa Dharmaj, kwa hiyo Geeta ni wa Dharmaj. Akamuuliza Mzee Kishor babu yake aliitwa nani, labda ukoo wao ulihamia hapo kutoka kijiji kingine. Mzee hakujua. Baba yake alifia Kisumu yeye akiwa na miaka mitatu, na mama yake alimwambia neno moja tu, kwamba walitoka Dharmaj. Chai ikapoa. Wageni wakaondoka wakiangalia viatu vyao.

Geeta alilia, akabishana kwa Kigujarati na Kiingereza, kwamba hayo ni mambo ya miaka mia na London hakuna anayeyajali. Lakini binti huyo hakutishia kutoroka. Alisema Bibi ndiye mama yake, na bila baraka yake haolewi. Ingekuwa mimi ningeshafunga mabegi. Nilimkasirikia Bibi siku tatu nzima, na chumvi kwenye mboga zake ilipungua, nakiri.

Jumatano nikamkuta ameshapiga simu. Mzee Kishor angekuja saa kumi jioni kuchukua mtungi wake, na mtungi ukirudi, posa imekataliwa. Geeta alikuwa juu chumbani, hakwenda kazini. Bibi akaniagiza niutie mtungi kwenye mfuko wa plastiki.

"Bibi," nilimwambia, "kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, wala hakirudi kichafu."

Akasema nijaze nitakacho, ila uende. Nikauchukua jikoni kwa hasira. Nje uling'aa, lakini chini ya kitako walikuwa wamebandika kitambaa kinene cha kijani ili usichubue meza, na kilinuka ukungu. Mtu mwingine angekiacha. Mimi nikamimina maji ya moto, nikasubiri gundi ilegee, nikakibandua chote, kisha nikasugua kwa limau na chumvi. Nusu saa nasugua, nagombana na mtungi kana kwamba ndio uliokataa posa.

Hapo vidole vyangu vikagusa vishimo vidogo, vimegongwa kwa msumari, mstari baada ya mstari. Ni maandishi! Sikujua kusoma hata herufi moja ya Kigujarati. Nilikimbia sebuleni maji yanachuruzika kwenye zulia. Bibi akadhani nimeuangusha, akaanza kunifokea, mpaka nilipompindulia kitako mbele ya macho.

Akaomba lenzi yake ya kusomea gazeti. Alisoma kimoyomoyo kwanza, kidole kikifuata nukta. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Mwanamke huyu atakuja kuniua siku moja. Mwishowe akanitafsiria, taratibu:

"Kwa mtoto wa dada yetu, Dahyabhai mwana wa Motibhai wa Sojitra, siku ya harusi yake. Kutoka kwetu wajomba zake, Dharmaj."

Nikamuuliza maana yake nini, akanivuta nikae. Kwao wajomba huja harusini na zawadi, na vyombo vya shaba huandikwa jina ili visipotee. Huyu Dahyabhai kijiji cha baba yake ni Sojitra. Dharmaj ni kwa wajomba. Pengine alilelewa huko, akawa anapataja kama kwao. Lakini mtu ni wa kijiji cha baba yake. Kama Dahyabhai huyo ni baba yake Kishor, basi Hiten na Geeta si ndugu.

Kama. Saa sita hiyo, na Mzee anakuja saa kumi. Nilitaka tumpigie simu papo hapo. Bibi akakataa, alitaka kumuuliza uso kwa uso, bila kumwonyesha kitu. Geeta aliteremka, tukamweleza, akakaa kwenye ngazi amekumbatia magoti. Mimi nikakanda maandazi, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Nilikaanga sitini. Hakuna aliyekula hata moja.

Saa kumi kamili kengele ikalia. Mzee Kishor alisimama mlangoni na koti lake, hakutaka hata kuingia. Bibi akaja mlangoni, akamwita bhai, yaani kaka, kwa heshima.

"Kishorbhai, baba yako aliitwa nani?"

"Dahyabhai," alijibu. "Kwa nini, Champaben?"

Geeta akaziba mdomo kwa viganja. Bibi akamkalisha Mzee kitini, akamwekea mtungi mapajani umepinduliwa, akamkabidhi lenzi. Mzee alisoma midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la Motibhai alisimama hapo, akalipapasa kwa kidole gumba, mara nyingi. Ana miaka sabini na tisa, na alikuwa hajawahi kulisikia jina la babu yake. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta. Mimi yangu niliyafuta kwa aproni.

Bibi akamwita Geeta, akamwekea mkono kichwani. "Binti wa Dharmaj ameshawahi kuolewa Sojitra," alisema. "Mtungi huu shahidi. Nenda, mama."

Vigelegele vyangu vya Jumapili vikatoka vyote kwa pamoja, hata jirani akafungua dirisha. Bibi akasema sasa mtungi unarudi kama urithi wa Mzee, si kukataa posa, nami nikaujaza maandazi mpaka shingoni, nikamkabidhi Mzee, akaukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa ameshafika kizingitini Bibi alipomwita, sauti yake ileile kali ya siku zote.

"Wewe Patel wa kijiji gani?"

Akageuka. Alijinyoosha kwanza, mtungi kifuani.

"Wa Sojitra," alisema. "Kishor, mwana wa Dahyabhai, mwana wa Motibhai."