Ufuo Kando ya Kisima

Nilitoka Tunduma alfajiri, basi likaharibika Mikumi, tukalala njiani, na nikashuka Mbezi Luis miguu imevimba. Nilikuwa nimezunguka nchi hii miaka mingi, nikiuza viatu, nikipakia mahindi, na kila mji niliofika ulinifanya niukumbuke niliotoka. Dar nilikuja kupumzika kidogo. Nikapata chumba Vingunguti, upande wa machinjioni, kwa bibi mmoja mjane wa Newala aliyeishi na binti yake. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Mpaka leo nikisikia harufu ya kisamvu cha karanga, natafuta kiti nikae.

Masika ile kipindupindu kikaingia mtaani. Wakaja watu wa taifa. Ndivyo tulivyowaita wale wataalamu wa kudhibiti milipuko. Wakafungua kambi ya wagonjwa kwenye uwanja wa shule, wakazungusha uzio, wakatafuta vibarua. Mie nikapewa gambuti na pampu ya mgongoni yenye klorini. Ndugu wa wagonjwa waliishia nje ya uzio.

Bibi aliletwa kambini akiwa ameshakauka maji mwilini. Alikufa dripu ikiwa bado inatiririka, binti yake akiwa nje, ameshika waya wa uzio.

Nyumbani walishaandaa kila kitu: sanda, udi, karafuu maiti. Wanaume walikuwa wamechimba ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Walichimba nyuma ya nyumba kwa sababu maji yalikuwa karibu: kisima kilikuwa pale pale, na mtaa mzima ulichota humo.

Tukafika na mwili ndani ya mfuko uliofungwa. Daktari wa timu, msichana tu kwa umri, akautazama ufuo, akakitazama kisima.

"Fukieni."

"Tufukie nini?" binti akauliza. "Mama hajaoshwa."

"Haoshwi, dada. Nimeongea na shehe, amekubali atayamamishwe, kwa vumbi badala ya maji. Mwenzetu amemtayamamisha juu ya mfuko. Kinachobaki ni kuzika."

"Kwani nyie mna mama?"

"Ninaye. Nisingemwosha."

"Nipe hizo glavu zako. Nimguse uso tu, nimfunge kidevu."

"Ukifungua huo mfuko leo, kesho tunakuja kukuchukua wewe."

"Njooni."

Daktari akanigeukia. "Puliza."

Nikapuliza kitanda, mkeka, kizingiti, na ile sanda iliyokuwa imekunjwa vizuri kwenye sinia. Wanawake waliokaa barazani wakajitanda khanga puani. Mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia, "Mwone, anampulizia mwenye nyumba wake kama kunguni." Wengine wakacheka, msibani hapo hapo.

Ufuo ulifukiwa, kisima kikatiwa dawa, na bibi akazikwa na watu waliovaa plastiki. Kwenye nyumba zilizotumia kisima kile hakuna aliyeugua tena. Kambi ikavunjwa, watu wa taifa wakapanda magari yao wakaondoka, bila hata mtu wa kuwapungia mkono.

Mie nilibaki, na binti alinipitia uani kama anapita nguzo. Siku moja akasimama.

"Kaka, mimi nimeumwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameumwa humu?"

"Hapana."

"Basi mngeniacha nimwoshe."

Nilimwambia hawakuumwa kwa sababu hakumwosha. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza muuza dawa za mitishamba stendi. "Utafute chumba kwingine," akasema.

Sikutafuta chumba, nilitafuta basi. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta anafagia uani, nikamuaga. Hakuinua kichwa.

"Wewe ulikuwa ndani kule. Uso wake ulikuwaje?"

Ningeweza kusema alikuwa kama amelala, kama walivyomwambia waliokuja kumpa pole. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na watu waliomhurumia.

"Macho yalikuwa nusu wazi," nikasema. "Mdomo ulikuwa wazi. Hakuna aliyemfunga kidevu. Kulikuwa na mgonjwa mwingine chini, anasubiri kile kitanda."

Alifagia mpaka ukutani, akaegemeza ufagio, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Nikabeba begi langu. Vingunguti sijarudi tena.