Uzi wa Muuza Ubongo

Katika soko letu la Mahajanga, mama muuza ubongo wa ng'ombe hatumii kisu. Hukata kwa uzi, polepole, na hata mkaguzi wa Kifaransa akipita, mkono wake hauharakishwi. Leo mteja wake Rahamatou alimlalamikia kwamba mwanawe hajahifadhi hata Fatiha, na wenzake chuoni wameshafika Yasini. Muuza ubongo akampasulia ubongo wa ndama, kisha wa maksai wawili.

"Tazama weupe wa ndani. Wa ndama bado haujatanda. Na hawa wakubwa nao hawalingani. Wa mwanao utatanda, binti yangu."

Rahamatou akaondoka uso umemkunjuka. Muuza ubongo akafuta mikono kwa leso, akageuka nyuma ya meza, akamfunga vifungo vya kanzu mwanawe yeye, mwanamume mwenye ndevu za mvi.